Sauti ya Umm Khalil

Ijumbi, Muleba
9 Juni 2025

Dada Joviana,

Shikamoo. Najua utashangaa kupata barua siku hizi, lakini simu ya hapa nyumbani ni moja, inakaa mezani kwa Taata, na anayeongea nayo anaongea mbele ya nyumba nzima. Halafu unanijua, kwenye simu mimi ni "ndiyo" na "sawa" mpaka salio liishe. Barua hii nampa Kagaruki wa Fuso ya ndizi, atakuachia hapo dukani Rwamishenye.

Nina hasira. Naandika kabla haijapoa, maana ikipoa nitaanza kuomba msamaha.

Ile filamu ya Palestina ambayo kikundi chenu kilionyesha Kamachumu Jumamosi, nilikuja. Hukuniona kwa sababu nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Maneno yao ni ya Kiarabu na maandishi ya chini ni ya Kiingereza, kwa hiyo mimi nilikuwa nasoma huku nikimsikiliza Jamali wenu akitafsiri kwa Kiswahili. Dada, mle ukumbini hamkuwa na filamu moja, mlikuwa na mbili. Kwenye ya kwanza, yule bibi Umm Khalil anasimama mbele ya tingatinga lililokuja kung'oa mizeituni yake, anasema, "Hapa nimemzika mume wangu, mnataka nimwache na nani?" Kwenye ya pili, ya Jamali, bibi huyohuyo anamwambia dereva arudi akasomee udereva, anapinda kama mlevi. Watu walicheka wakapigana mabega.

Nikasema moyoni sawa, labda anawachangamsha. Lakini ilipofika pale wanapombeba mwanawe, Khalil, amefungwa sanda, Jamali akashika kipaza sauti akasema, "Jamani, steringi kafa!" Watu wakapiga miluzi. Yule mama alikuwa analia, na watu wa Kamachumu wanapiga miluzi.

Mimi sikusema kitu. Nilitoka na wenzangu, nikanunua karanga, nikatafuna njia nzima kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo maana naandika. Mlimwonea yule mama mara ya pili.

Mdogo wako,
Koku


Rwamishenye, Bukoba
12 Juni 2025

Koku,

Marahaba. Barua yako imefika ina utomvu wa ndizi upande mmoja, lakini maneno yote yamesomeka, na mengine yamechoma.

Niliisoma mbele ya kikundi. Usiniulize kwa nini, ilikuwa lazima. Jamali alikuwepo. Alianza kwa kucheka, akasema huyu mtoto ana ulimi wa pilipili, na ukimkuta barabarani hakuamkii. Kisha akanyamaza, na Jamali kunyamaza si jambo dogo.

Lakini na wewe umwelewe. Kazi hii amejifunza kwenye kibanda cha video. Huko watu wasipocheka wanatoka, na wakitoka hawarudi. Mara ya kwanza tulipoonyesha filamu hii hapa mjini hatukuweka mtafsiri, tukasema picha zitajieleza zenyewe. Watu walitoka mmoja mmoja wakitusalimia kwa adabu. Mwisho tukabaki sisi, projekta, na mama mmoja aliyekuwa amesinzia. Ndipo tukamwita Jamali.

Sasa sikiliza. Tarehe 29, Jumapili baada ya Misa, tunakuja kwenu Ijumbi. Kila kitu kimepangwa. Nataka ukae kando ya Jamali. Yeye atasema, wewe utamnong'oneza maana halisi. Kipaza sauti hutakigusa. Kiingereza chako na hasira yako ndivyo tunavyovihitaji, sura yako wala hakuna atakayeiona.

Usiniambie utafikiria. Niambie ndiyo.

Dada yako,
Joviana


Ijumbi
15 Juni 2025

Dada Joviana,

Shikamoo. Nilikuwa nimeshaandika "ndiyo" kwenye karatasi nyingine. Nimeichana.

Taata amekataa. Nilimwambia wakati wa chakula, nikitazama sahani. Akauliza kama ni filamu ya vita vya Waisraeli. Nikasema ni ya watu wanaoishi chini ya vita na chini ya jeshi linalowakalia, watu wa mashamba kama sisi. Akasema yeye ni katekista. Kila Misa tunasoma habari za Israeli, na Ijumaa akina mama huliombea taifa hilo kwa jina. Atawatazamaje waamini huku binti yake amekaa pale anawasemea wanaolilalamikia? Akasema, "Ukisimama pale Koku, mimi sitasimama tena mbele ya watu hawa." Kisha akaomba maharage.

Nilikuwa na jibu. Nilitaka kumwambia kwamba Israeli ya masomo na wanajeshi wanaofunga njia ya Umm Khalil mimi siwezi kuviweka kwenye chungu kimoja. Hata kwenye filamu yenyewe yumo mama wa Kiisraeli anayekuja kusimama na Umm Khalil mbele ya tingatinga. Nilimjibu yote hayo kichwani, vizuri sana, kwa Kiswahili sanifu. Mdomoni nikasema, "Ndiyo Taata."

Dada, wewe ulikuwepo kwenye Misa ya kumwombea Mama, mwaka mmoja baada ya kumzika. Nilipangiwa kusoma somo. Nilipanda pale mbele, nikafungua mdomo, haikutoka hata herufi. Taata akaja taratibu akasoma kwa niaba yangu huku mkono wake uko begani kwangu. Tangu siku ile hajanipangia tena, na mimi sijaomba. Darasani najua majibu na nanyamaza. Walimu huandika kwenye ripoti "ni mtulivu", wanadhani wananisifu.

Na jambo lingine. Nimesikia kisimani kwamba mtendaji wa kijiji, Bwana Kaijage, amesema sinema za siasa hataki kuziona hapa, na kwamba Jumatatu tarehe 30 wote waamke mapema na majembe, kuna msaragambo wa barabara. Wewe ulisema kila kitu kimepangwa. Kimepangwa na nani?

Koku


Rwamishenye
19 Juni 2025

Koku,

Umeniweza. Kaijage ametukatalia ofisi ya kijiji. Nilimuuliza sababu, akasema watu wakianza kuulizana nani kachukua ardhi ya nani huko mbali, kesho wataulizana hapa karibu. Nilimwambia ahsante, sikuwa nimewahi kuieleza filamu yetu vizuri hivyo.

Kwa hiyo tumeenda kwa chama cha kahawa. Ghala ni mali ya wanachama, si ya Kaijage, na mwenyekiti wao Mzee Karugendo amesema siku ya Jumapili mizani hailali na njaa ikikosa gunia, tuingie. Mkutano wa ndani, mchana kweupe, milango ya chama. Kaijage akitaka kutufukuza aje awafukuze wakulima kwenye kahawa yao.

Hatuonyeshi filamu hii ili watu wa Kagera wamchukie mtu. Tunaionyesha kwa sababu kuna binadamu wanang'olewa kwenye vibanja vyao vya mizeituni, wanazika watoto, na dunia inawasemea maneno yasiyo yao. Kama alivyofanya Jamali. Wewe ndiye uliyeliona, tena ukiwa umekaa mlangoni na karanga.

Kuhusu Taata yako siwezi kukuambia umvunjie heshima. Nakuuliza tu, siku ile Umm Khalil atakapofungua mdomo mbele ya Bibi yako na akina mama wa Ijumbi, unataka atoke na maneno ya nani?

Jamali atakuwepo. Wewe njoo ukae tu.

Joviana


Kigango cha Ijumbi
23 Juni 2025

Mwanangu Joviana,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu naona huo ndio mtindo wenu. Kagaruki amenipa habari za barua zote, hakuzisoma, ila mtu akipakia barua nyingi kuliko ndizi anajulikana.

Umemwambia Koku aje ghalani. Yeye ananitazama kama mtu aliyemfungia mlango, na mimi nimemwacha aone hivyo. Nilimwambia ni kwa ajili ya kazi yangu ya ukatekista. Ni kweli, ila si kweli yote. Waamini nitawajibu mimi mwenyewe, nimewajibu mambo makubwa zaidi. Kaijage naye alikuja hapa jioni akinitaka nitangaze kanisani kwamba watu wasiende. Nilimwambia matangazo ya kanisani huandikwa na padri.

Ninachoogopa ni kingine. Tangu tumzike mama yake, mtoto huyu hajasema mbele ya watu. Siku ile ya somo nilimshika bega, alikuwa anatetemeka kama kifaranga kilichonyeshewa. Sitaki kumwona tena hivyo, na safari hii mbele ya watu wanaopiga miluzi. Niliposema hapana, nilikuwa nakataa hilo. Niambie ukweli, huyo Jamali atasema au hatasema?

Akubariki Mungu.
Baba yako mdogo,
Anatory


Rwamishenye
26 Juni 2025

Baba mdogo,

Milele amina. Shikamoo.

Umeniuliza ukweli na siwezi kukudanganya kwa maandishi. Jamali hatasema. Tangu barua ya Koku amegoma kushika kipaza sauti kwenye filamu hii. Ataendesha mashine tu. Anasema aliyeona kosa ndiye anayejua ilivyotakiwa kusemwa. Koku hajui. Nikimwambia hatakuja, na nisipomwambia nimemtega. Nimechagua kumtega.

Uwezo wa kumzuia unao, ni nyumbani kwako. Lakini baba mdogo, kumshika bega ulimshika mara moja, na amekaa chini ya mkono huo miaka miwili sasa.

Nisamehe kwa neno hilo. Sitalifuta.

Mwanao,
Joviana


Ijumbi
1 Julai 2025

Dada Joviana,

Shikamoo. Ulinidanganya. Usijitetee, Taata amenieleza yote.

Jumapili baada ya Misa Taata hakusema niende wala nisiende. Alisema, "Bibi yako atahitaji mtu wa kumshika mkono kwenye mteremko." Basi nikamshika Bibi mkono, tukaenda. Wewe hukuja, lakini Jamali alikuwa ameshafunga mashine. Alinisalimia vizuri mno, akaniita mwalimu, nikaanza kushuku. Madirisha ya ghala tuliyaziba kwa mablanketi na maturubai ya kuanikia kahawa. Mle ndani palikuwa na joto na harufu ya kahawa kavu. Wazee walikalia magunia, akina mama walikaa chini, Bibi mbele kabisa kwa ajili ya macho yake. Taata alibaki nje. Nilimwona mara ya mwisho mlango ukifungwa, amesimama na koti lake la Misa akitazama barabara.

Picha ikaanza. Jamali akanipa kipaza sauti, nikadhani nimshikie.

"Mimi leo natazama," akasema. "Steringi ni wewe."

Nilimsubiri acheke. Hakucheka.

Umm Khalil akaamka, akakoka moto, akaanza kumfokea mbuzi wake, mimi kimya. Nyuma mtu akauliza kama mtafsiri yuko likizo. Mwingine akajibu kwamba mtoto wa katekista kameza ulimi, wampe maji. Wakacheka. Ikawa ileile ya siku ya somo, nikatafuta mlango kwa macho.

Hapo Bibi, bila hata kugeuka, akauliza kwa Kihaya, "Anasema nini huyu mama?"

Dada, ameniuliza hivyo maisha yangu yote. Tukienda kutazama taarifa ya habari kwa jirani huniuliza hivyohivyo, nami humjibu. Basi nikamjibu. Kwa Kihaya, wala sikuchagua. Nilisema, "Anasema mbuzi huyu ni mkaidi kama marehemu mumewe." Bibi akacheka. Ghala zima likacheka, na safari hii walicheka alichokisema Umm Khalil mwenyewe. Nilimwona Jamali akitikisa kichwa kwenye mwanga wa projekta, kama mtu aliyepigwa chenga kwenye uwanja wake.

Kuanzia pale nilikuwa naongea na Bibi peke yake, wengine walisikia tu. Askari anasema njia imefungwa. Mama anauliza mpaka lini. Askari anasema mpaka tutakapokwambia. Akina mama wakaguna. Tingatinga lilipoingia kwenye mizeituni, Mzee Karugendo alisimama kutoka kwenye gunia lake, akabaki amesimama mpaka mwisho. Yule mama wa Kiisraeli alipotokea Bibi akauliza huyu naye ni nani, nikasema ni wa upande wa pili, amekuja kukataa. Bibi akasema, "Mwache asimame, ana miguu ya kusimama." Nikamwambia Bibi, si mimi ninayempa ruhusa.

Halafu maziko. Maandishi ya Kiingereza pale ni machache mno, nadhani aliyeyaandika alichoka au alilia. Lakini kwa Kihaya huwezi kumlilia mtu kwa maneno machache, lazima umtaje, umtaje na baba yake, useme alikuwa anakwenda wapi. Yote hayo filamu ilikuwa imeshayasema huko nyuma, nikayakusanya. "Khalil wangu, mwana wa Mahmoud, nilikutuma maji. Ni mimi niliyekutuma maji, mwanangu." Huku nyuma kote nilikuwa nikianza na "anasema". Hapo nilisahau. Nilisema "mwanangu" kama ni wangu, na sauti ilitoka kubwa, sijui ilikuwa imekaa wapi.

Mama mmoja akapiga yowe. Wengine wakapokea, mpaka Jamali akazima jenereta, na hata kimya kilipotakiwa kuwepo hakikuwepo.

Sasa nikuambie walichofanya. Walikuja kunipa pole mimi. Mmoja mmoja, kwa mikono miwili, kama wanavyompa mfiwa. Wakanikalisha chini, wakanizunguka. Nikasema jamani, mimi nilikuwa nasoma tu, mimi ni Koku. Mama mmoja akaniambia, "Tunajua wewe ni nani, tulia." Kwao aliyetoa kilio ndiye wa kushikwa mkono, na yule mwenyewe wangemfikiaje? Bibi akaniuliza hao ni watu wa dini gani. Nikasema wengi wao ni Waislamu, na hawa ni Waislamu. Nikaanza kujiandaa kumjibu kwa Kiswahili sanifu. Akasema, "Nauliza ili nisipeleke chakula wasichokula. Wanakunywa nini msibani?" Nikasema kahawa chungu, bila sukari. Wazee wakatazamana. Mzee Karugendo akasema kahawa ipo.

Nilipotoka, Taata alikuwa bado amesimama palepale ukutani, chini ya dirisha. Tulipanda mteremko, Bibi katikati yetu. Karibu na nyumbani akaniambia alijua tangu Alhamisi kwamba Jamali hatasema, na kwamba alisimama pale ili nikitoka nakimbia nimkute. Nikamuuliza mbona hakuingia. Akasema, "Ulipomlilia yule mtoto nilimsikia mama yako. Miguu haikukubali." Nilitaka kumkasirikia, na wewe pia. Sikuweza, nilikuwa nimechoka.

Jana asubuhi kengele ya msaragambo ikalia. Ikalia tena. Hakuna aliyetoka na jembe. Unajua kwetu, msiba ukiwa haujaisha hakuna anayegusa udongo, na akina mama walikuwa wamekubaliana ghalani bila kuitisha kikao. Ilipofika saa mbili wapo mlangoni kwetu, wamebeba ndizi na maharage, wanamwomba katekista aje awasalie. Taata akawaambia jamani, huyo marehemu yuko mbali. Bibi akamuuliza, "Kwa hiyo alipozaliwa alikuwa karibu?" Taata akavaa koti.

Tukakaa uani mwa ghala, nyasi zimetandikwa, kahawa imechemshwa chungu mpaka watu wanakunja uso na wanaomba tena. Taata alisali sala fupi, hakusema taifa la mtu yeyote, aliomba kwa ajili ya mtoto na kwa ajili ya mama yake. Tulikuwa bado tumekaa Bwana Kaijage alipofika na pikipiki. Hakuzima injini.

"Katekista," akasema, "barabara inawasubiri. Majembe yako wapi?"

"Leo hatulimi," Taata akasema. "Tuna msiba."

"Msiba gani? Mimi ndiye mtendaji, vifo vyote vinaletwa kwangu. Nani amefariki?"

Taata akaangaza macho uani. Nilidhani anatafuta neno. Kumbe alikuwa ananitafuta mimi, nyuma ya akina mama, nilikojificha na birika.

"Koku," akasema. "Mwambie."

Wote uani wakageuka. Nilisimama, birika bado mkononi.

"Khalil mwana wa Mahmoud," nikasema. "Wa Palestina."

Bwana Kaijage akaweka kiganja sikioni. Akasema hasikii, injini inapiga kelele, na kama sina la maana nikae chini.

Sikukaa. Nikalirudia jina lile, na waliokuwa wakipita barabarani na baiskeli walisimama kuangalia ni nani anayeita.

Kokushubila binti Anatory